Shira ya Kaimati, Jini wa Takwa na Oveni ya Mama

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Kaka, nina hadithi ya kutisha mno, ila nasubiri nipate kamera." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi kamera ninayo mwaka wa sita huu, na filamu sina.

Makosa yangu yalianzia kwa Peter Jackson, mwongozaji ambaye filamu yake ya mwisho ya Lord of the Rings ilizoa Oscar 11 mwaka 2004. Alianza na Bad Taste, kichekesho cha kutisha chenye viumbe wa sayari nyingine wanaowinda binadamu ili wakauze nyama zao. Aliipigia kwao Pukerua Bay, New Zealand, yeye na marafiki zake, na vinyago akavioka katika oveni ya mamake. Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Mama yangu naye ana oveni!

Nikakusanya rafiki watano, tukakodi boti kutoka Lamu hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Damu ilikuwa shira ya kaimati iliyotiwa rangi nyekundu. Jini alivaa shuka nyeupe na kinyago cha magazeti na gundi kilichonuka mkate. Kufika saa nne sisimizi wamemjaa shingoni, hasimami tuli hata kidogo. Nikapata vipande vitatu vizuri. Wallahi vitatu tu.

Nahodha akaita: maji yanapwa. Takwa unaingia kwa kijito cha mikoko, na kikikauka chombo hakitoki. Nikamjibu, "Dakika kumi tu, mzee." Tukakaa na mbu hadi maji yaliporudi, na jini wetu jioni hiyo alikuwa na arusi ya dadake. Alifika sahani zishaoshwa. Mpaka leo tukikutana gatini ananipungia mkono na kupita. Mtu niliyecheza naye tangu utotoni.

Sasa kijana, soma nilichokiruka. Jackson alianza 1983, filamu ikatoka 1987. Alikuwa ameajiriwa gazetini, filamu yake akaipiga siku za mapumziko tu, miaka minne. Kamera yake ya Bolex iliendeshwa na springi ya kukazwa kwa mkono, kila nusu dakika inakatika. Sauti zikatiwa baadaye. Mwenzake mmoja alijitoa katikati, akarudi baadaye. Yeye mwenyewe akacheza watu wawili, mmoja ana ndevu na mwengine hana, mpaka akapigana na nafsi yake ukingoni mwa jabali. Hela za tume ya filamu ya nchi yao zilikuja mwishoni, kazi ishaonekana.

Kwa hivyo kamera usiisubiri. Shika kazi yako. Tazama maji kabla ya kutazama taa. Uliza nani ana arusi. Na nasema tena, kamera usiisubiri, maana nyinyi vijana mnapenda kuulizana aina za lenzi huku hadithi zinawaozea kichwani. Watu wanakupa siku zao za mapumziko, nawe unawaambia dakika kumi!

Kinyago bado kiko juu ya kabati la mama, kimeliwa na mende sikio moja. Nimekijaribu, kinanienea. Jumapili maji yanajaa saa tano, na nahodha amekubali, kwa sharti alipwe kabla hatujapanda.