Kwa Anayetaka Kuchora Katuni za Siasa: Mjue Mwenye Ukurasa

Wiki iliyopita binti mmoja wa Iringa aliniandikia. Amemaliza chuo, anachora tangu shule ya msingi, na kuna gazeti limempa nafasi ya majaribio kwenye ukurasa wa maoni. Akauliza: "Kaka, nianze na wakubwa au na madiwani kwanza? Na wakinikamata nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, ila naona swali hili ni lenu wengi. Najua anayesoma hapa ana penseli karibu na ana mtu kichwani anayetaka kumchora.

Nitaanza na lile ambalo kwenye semina hawalisemi. Vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii wakiwaza polisi. Kuna sababu ya kuwawaza, nitalifikia hilo. Lakini katuni nyingi za siasa hazifiki hata kwa msomaji ili zimkasirishe mkubwa. Zinafia mezani kwa mhariri, saa kumi na moja jioni, kwa sentensi ya upole.

Yangu ilifia hapo. Gazeti nitaliacha bila jina. Nililichorea kwa miaka: kikao cha asubuhi, nasikiliza habari kubwa ya siku, narudi na michoro ya penseli, mhariri anachagua mmoja, naenda kuutia wino. Siku hiyo habari ilikuwa mradi wa maji. Mgeni rasmi alikuwa amezindua, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Mwandishi wetu aliporudi kijijini siku chache baadaye akakuta bomba kavu. Nikachora bomba hilo, koki imefunguliwa mpaka mwisho, na kinachotoka ni utepe wa uzinduzi. Utepe mwekundu unamiminika, umejaza ndoo ya kwanza na umeanza kumwagikia ya pili. Mama mmoja ameinama anaukinga kwa viganja viwili, mtoto mgongoni anautazama. Kwa mbali, vumbi la msafara unaoondoka. Mheshimiwa mwenyewe sikumchora hata sikio.

Mhariri alicheka, akaita wenzake waje waone. Halafu akanyamaza. "Mdogo wangu, hii tuiweke kwanza." Kesho yake gazeti likatoka na katuni yangu ya zamani ya bei ya nyanya. Wiki hiyohiyo ofisi iliyozindua mradi ilikuwa na matangazo ya pongezi ya kurasa nzima. Mkataba wangu ulipokwisha haukuhuishwa. Hakuna aliyeniita kuniambia kitu, hakuna barua. Nilijua pale mhasibu aliponiambia jina langu halimo. Inaniuma mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu katuni ile ni miongoni mwa kazi bora nilizowahi kufanya.

Ukitaka kuona jambo hilihili kwa ukubwa wake, isome safari ya Gado, mchora katuni wa magazeti. Jina lake ni Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam, amezaliwa 1969. Alikuwa akisomea usanifu majengo pale Chuo cha Ardhi, akaacha mwaka 1992 na kwenda Nairobi kuchorea gazeti la Daily Nation. Fikiria wakati wenyewe: Kenya imetoka kurudisha vyama vingi, Moi bado yuko Ikulu, na wachoraji ndio wanaanza kuzoea kumweka rais kwenye karatasi. Gado alimchora Moi, akamchora Kibaki, akamchora Uhuru. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilipowakabili Uhuru na Ruto, aliwafunga mguuni mnyororo wenye tufe la chuma, na waliposhinda uchaguzi wa 2013 hakuwafungua. Waliapishwa nalo, wakasafiri nalo. Tangu 2009 alikuwa pia na XYZ, kile kipindi cha runinga cha vikaragosi vya wanasiasa ambacho hata asiyesoma gazeti alikitazama.

Halafu ikaja Januari 2015. Ndani ya The EastAfrican, gazeti la kampuni hiyohiyo ya Daily Nation, akamchora Rais Kikwete amejilaza kama mfalme wa Roma ya kale, akilishwa zabibu na mabinti walioandikwa majina ya maovu ya utawala, rushwa ikiwamo. Serikali yetu ikalizuia gazeti lile kuuzwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikusajiliwa hapa, gazeti ambalo tulikuwa tukilinunua kwa takriban miaka ishirini. Kampuni ikampa Gado likizo ya mwaka mmoja. Mwaka 2016, likizo ilipokwisha, mkataba wake haukuhuishwa.

Tazama hapo vizuri. Hakuna hakimu aliyemhukumu. Kikwete mwenyewe alikuwa ameshamaliza muda wake na kukabidhi ofisi. Mtu aliyelitumikia gazeti kwa zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake alitolewa kwa mkataba kumalizika, kama mimi wa huku chini nilivyotolewa. Ndiyo maana nasema mjue mwenye ukurasa. Jua nani ana hisa, nani anatangaza humo, gazeti linaingia nchi gani na kwa kibali cha nani. Hayo ndiyo yatakayoamua katuni yako kabla ya kipaji chako.

Na jiulize kwa nini Gado hakupotea. Mwaka huohuo alihamia gazeti la The Standard, na Mei 2016 akapokea tuzo ya kimataifa ya katuni kule Geneva pamoja na mchoraji mwenzake Zunar wa Malaysia, aliyekuwa na mashtaka tisa ya uchochezi nyumbani kwao. Hakupotea kwa sababu jina lilikuwa lake. Alikuwa na vitabu vyake, alikuwa na vikaragosi, na msomaji alikuwa akimtambua kwa mstari wake hata angefuta sahihi. Jenga jina lako. Narudia, jenga jina lako ukiwa bado na mshahara, kwa sababu siku ya kutoka hupewi muda.

Sasa nani wa kuchorwa. Binti yangu wa Iringa, mchore yeyote mwenye madaraka, lakini mchore kwa alama aliyoizaa mwenyewe. Lile tufe la chuma lilitokana na kesi iliyokuwa wazi, kila mtu akiijua. Kule Afrika Kusini, mchora katuni Zapiro alimwotesha mwanasiasa Jacob Zuma bomba la mvua kichwani mwaka 2006, baada ya Zuma kusema mahakamani, kwenye kesi ya ubakaji ambayo aliachiwa huru, kwamba alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Bomba lile lilikaa kichwani miaka mingi, na nani angelipinga? Maneno yalikuwa yake. Ukichora umbo la mwili, kabila, au mke wa mtu, umetukana. Ukichora kauli yake au saini yake, anayo kazi ya kukukanusha.

Zapiro huyohuyo mwaka 2008 alichora Haki kama mwanamke aliyebanwa chini na wanasiasa huku Zuma akifungua mkanda. Zuma alidai mamilioni ya randi, na Oktoba 2012 akaiondoa kesi muda mfupi kabla haijasikilizwa. Mimi picha ile nisingeichora hivyo. Wapo wanawake wanaobeba jambo hilo mwilini, na kuna njia nyingine za kuonyesha mahakama inaonewa. Lakini wenye gazeti waliburutwa pamoja na Zapiro kwenye kesi na hawakumtupa. Sijui ni wangapi kati yetu tunaofanya kazi kwenye gazeti la namna hiyo.

Kuhusu kukamatwa sitakudanganya. Tumetoka kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufunga gazeti, tukaingia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Zisome mwenyewe, zipo kwa Kiswahili na Kiingereza. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni ya video ya gazeti lake la The Citizen: mwanamke anabadilisha chaneli za runinga, na kila chaneli kuna ndugu wanaolilia waliopotea au kuuawa. Kenya, Desemba 2024, Kibet Bull, kijana wa michoro ya vivuli vya Rais Ruto, alitekwa na hakuonekana mpaka Januari. Kwa hiyo usichore peke yako gizani. Awepo mtu mmoja anayejua ulipo kila siku, uwe na namba ya wakili iliyoandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu ambayo itachukuliwa. Na kila katuni itunze pamoja na habari iliyoizaa, gazeti na tarehe.

Hapo ndipo linapoingia la mkataba, maana ndilo nililoulizwa zaidi baada ya kisa changu cha bomba kavu. Nakala halisi ya wino iwe yako mpaka uiuze. Haki ya kuichapisha ni kitu kingine kabisa. Iandike hivyo kwenye mkataba, na kazi zako kubwa zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mimi katuni ya bomba niliiweka kwenye ukurasa wangu mwenyewe baada ya kutolewa, na watu wakaanza kunitumia picha za mabomba ya kwao, yamekauka, mengine yakiwa bado na kipande cha utepe kwenye nguzo. Shirika moja la maji likaomba kuichapa kwenye kalenda. Niliwauzia haki ya kalenda ya mwaka mmoja tu, kwa malipo yanayopita mshahara wangu wa mwezi wa kule gazetini, na karatasi yenyewe iko nyumbani kwangu. Wanaotaka kuiona namna nilivyoandika mkataba ule waniandikie, nitawatumia nakala.