Hesabu viti kabla ya kucheka sura

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya yadi ya magari, siku moja mtaletewa gari la kifahari lisiloeleweka, nusu saluni nusu jipu, na kila apitaye atakuwa na neno juu ya mgongo wake. Waacheni waseme. Nyinyi inameni mchungulie uvunguni, maana huko ndiko kiwanda kilikofanyia uamuzi.

Tuanze na tunalolijua wote. Harrier ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata ikaingia Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Siku hizo magari mengi ya juu yalikaa kwenye chesisi nzito kama ya lori, na ukilipanda mwili ulijua. Toyota wakachukua msingi, yaani umbo la chini, wa saluni yao ya Camry, wakaunyanyua, wakauvisha bodi ya heshima. Krosova ya kifahari, yaani gari la juu lenye msingi wa saluni, ikapata njia. Leo ile ya kizazi cha pili madalali wa Dar wanaiita "tako la nyani", na wateja wanaiulizia kwa jina hilohilo bila haya. Sura haikuwakimbiza.

Porsche walipoleta Cayenne mwaka 2002, wapenzi wa 911, gari lao la michezo, walilia kweli. Lakini msingi ule ulikuwa wa pamoja na Volkswagen Touareg, kwa hiyo gharama ya kuanza haikumwelemea mmoja. Kwa miaka mingi likawa ndilo gari lao linalouzwa zaidi. Lamborghini wakafuata njia hiyo: Urus imekaa juu ya msingi wa familia moja na Audi Q7 na Bentley Bentayga. Mwaka 2017, kabla Urus haijaanza kuuzwa, waliuza magari 3,815. Mwaka 2019 wakafika 8,205, na 4,962 kati ya hayo yalikuwa Urus.

Msidhani kugawana msingi kunatosha. Mercedes R-Class ya 2005 ilikuwa ndugu wa M-Class, jipu lao, ikaunganishwa Alabama, ina nafasi na inatulia barabarani. Ila mnunuzi wa Marekani hakujua aiite nini. Si basi dogo la familia, si jipu. Ilipofika 2012 ikaondolewa soko lile. Mimi bado naamini lilikuwa gari zuri, na inaniuma kila nikiliona.

Sasa BMW X6, iliyoanza kuuzwa 2008, ndiyo iliyonifundisha kazi. Tuliwahi kuwa nayo yadini, nyeusi, imeng'arishwa. Akaja baba mmoja na mkewe na watoto watatu. Nikamweleza injini, gia, ngozi ya viti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua mlango wa nyuma. Viti viwili, katikati kisanduku cha kuwekea vitu. Binti yake mdogo alisimama pale nje, ameshika mkono wa mama. Baba akaniuliza, "Na huyu atakaa wapi, kaka?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimehesabu.

Gari halikuwa na kosa. Halikuundwa kwa ajili ya yule baba. Karakana ileile ya Spartanburg, kule South Carolina, ilikuwa ikitoa X5 yenye paa la kawaida na nafasi ya watoto wote. Kwa kuwa kaka mtu yupo, X6 iliweza kumpendeza mtu mmoja tu, yule anayetaka kukaa juu na bado aonekane yuko kwenye gari la michezo. Mtu huyo alikuwepo, na ndiyo maana Mercedes nao wakaleta GLE Coupé mwaka 2015.

Mkiona gari la mfano kwenye maonyesho, lichukulieni kuwa ni swali ambalo kiwanda kinawauliza watu. Bentley walipeleka EXP 9 F huko Geneva mwaka 2012, sura ikakosolewa vikali, wakarudi kuichora upya. Bentayga ya 2015 ikaja na uso mwingine.

Kwa upande wenu wa biashara, mambo ya uvunguni yana faida nyingine. Mlango au kioo cha nyuma cha X6 huwezi kukitoa kwenye X5, kwa hiyo mkague vizuri kabla hamjalipa. Lakini spea nyingi za injini na za chini zinaingiliana, na mteja akijua hivyo anakaa chini kuzungumza bei.