Babu hajakukasirikia, hasikii vizuri

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini babu yako anakuitikia "sawa" kwenye simu halafu hafanyi mliyokubaliana, hata siku ya kuchukua zile pesa ambazo serikali ya Uganda huwapa wazee ikampita. Unadhani amekudharau. Mimi naona ni masikio.

Uzee huanza kwa kuondoa sauti nyembamba za juu. Irabu anazisikia, kwa hiyo anajua unaongea. Zinazompotea ni herufi kama s, f, t na k. "Saa sita" na "saa tisa" humfikia karibu sawa. Simu nayo hupunguza sauti hizohizo za juu. Na kumuuliza mjukuu "umesemaje?" mara tatu ni aibu kwa mzee, basi anaitikia tu.

Usimpigie kelele. Kelele huvuruga maneno, na uso wako hugeuka wa mtu anayegomba. Ukifika kwake Tororo, zima redio kwanza. Kaa mbele yake, hatua moja au mbili, mwanga uangukie uso wako. Ukiuacha mlango wazi mgongoni mwako, midomo yako haioni, na yeye anaitegemea bila kujua. Msalimie mpaka salamu ziishe, maana akiona una haraka atakubali lolote umalize. Kisha sema jambo moja, nyamaza, ndipo uendelee. Asiposhika, usirudie maneno yaleyale: badala ya "saa tisa", mwambie "kabla ya adhana ya alasiri".

Usimuulize "umenisikia?" Atasema ndiyo. Muulize, "Babu, mtu wa boda tumwambie aje saa ngapi?" Jibu lake litakuonyesha alichoshika.

Kwenye simu, msalimie na kumjulia hali tu. Tarehe na pesa mpe shangazi yako amwambie ana kwa ana.

Mwombe shangazi pia ampeleke kituo cha afya waangalie kama nta imeziba masikio, kwani hiyo hutolewa na mtu akasikia tena. Nyumbani wasimchokonoe kwa kijiti wala pamba. Husukuma nta ndani zaidi. Kama si nta, waombe rufaa ya daktari wa masikio. Ila sikio moja likipoteza usikivu ghafla, msisubiri miadi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tiba yake hufaa ikianza mapema.

Mama yako