Muulize Anti: Laki mbili na arobaini ya kulala kwenye springi

Shikamoo Anti. Mi naishi Njiro hapa Arusha, nina miaka 34 na watoto wawili, wa mwisho ana mwaka na miezi minne. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, mgongo umeanza kuniuma na kitambi cha uzazi kimegoma kuondoka. Sasa karibu na ofisini wamefungua studio ya pilatesi, yale mazoezi ya kwenye vitanda vya springi, watu 8 tu kwa darasa, taa za kufifia, muziki, taulo za baridi, yani ukiingia tu unajiona na wewe mtu. Darasa moja 35,000, ukichukua pakeji ya mwezi madarasa 8 ni 240,000. Wenzangu watatu wa ofisini wameshajiunga na kila jioni status ni taiti na springi. Nilienda ile siku ya bure, kiukweli nilipenda, usiku nililala usingizi ambao sijaupata tangu nijifungue. Mshahara ukishakatwa kila kitu nabaki na kama 900,000. Baba Junior anasema huo ni wizi wa mchana, eti Simbu kakimbia barabarani akaleta dhahabu ya Tokyo, mimi nashindwa nini kutembea. Jimu ya mtaani ni 50,000 kwa mwezi, niliwahi kulipa nikaenda mara 3 basi. Je ni ushamba wangu au kweli hela inaenda bure?
Mama Junior, Njiro

Marahaba mdogo wangu. Nianze na Baba Junior. Ni kweli Alphonce Simbu kaleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, na hizi barabara zetu za Arusha wakimbiaji wanazijua kuliko madereva wa vifodi. Ila Simbu ana kocha na kukimbia ndio kazi yake, akilala kuna mtu atamuuliza uko wapi. Wewe ukilala nani atakuuliza? Ndio maana ile jimu ya 50,000 ulienda mara 3. Vyuma vilikuwepo, hakukuwa na mtu anayekusubiri, na mi naona kitu kikubwa unachonunua kwenye hizi studio za bei ni hicho, kwamba saa 12 jioni kuna kitanda chenye jina lako na mwalimu atakayejua kwamba hujafika. Springi, taa na taulo ni mbwembwe. Kwahiyo swali lako mi naligeuza hivi, kusubiriwa huko kuna thamani ya 240,000 kwako, au unaweza kukupata kwa bei nyingine?

Hesabu kwanza. Pakeji inakufanya uone kila darasa ni 30,000, umeokoa 5,000, ila hiyo ni ukienda mara zote 8. Ukikosa mara 2 tu, mtoto kapata homa, bosi kaitisha kikao saa 11 jioni, hapo kila darasa limekuwa 40,000, ghali kuliko aliyelipa mlangoni. Unatakiwa uende angalau mara 7 ndio pakeji ianze kukulipa. Mama wa mtoto wa mwaka na miezi minne, mara 7 kila mwezi? Jijibu mwenyewe mi sisemi kitu.

Na usidhani nakusimanga, mi yalinikuta hapahapa Arusha, studio siitaji. Nililipa 540,000 ya miezi mitatu, madarasa 24, nikajiona nimepatia maana mlangoni ilikuwa 30,000. Mwezi wa kwanza nilienda kama mwanajeshi, wa pili nikaanza visingizio, wa tatu mvua za masika zikaja nikawa naangalia ile taiti imening'inia mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka. Jumla nilienda mara 11, yani karibia 49,000 kila darasa. Baadae nikaja kujua nina wenzangu kumbe, kuna wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, mwaka 2006 walichapisha utafiti wa jimu za Marekani, wakakuta waliolipia kwa mwezi zaidi ya dola 70 walikuwa wanaenda kama mara 4 na kidogo tu, kwahiyo kila mara moja imewagharimu zaidi ya dola 17 wakati kwa kadi ya mara 10 wangelipa dola 10 kila mara. Tatizo ni kwamba siku ya kulipa tunamlipia yule mtu tunayetaka kuwa, halafu anayetakiwa kwenda ni huyu huyu wa siku zote aliyechoka.

Sasa hicho kitanda chenyewe. Haya mazoezi yana jina la Mjerumani Joseph Pilates, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa amewekwa kizuizini na Waingereza na inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Ni mazoezi mazuri, yanajenga misuli ya tumbo, mgongo na nyonga, na kwa mtu wa kukaa kwenye kiti kutwa kama wewe yana maana kabisa. Ila mengi yanafanyika chini kwenye mkeka, springi inaongeza ugumu au inakusaidia pale usipoweza, haina uchawi. Na kama kuna mtu kakwambia springi zitakula kitambi naomba umkimbie, mwili hauchagui kuchoma mafuta ya tumbo eti kwa sababu umekaza tumbo, misuli itakaza chini na nyama uzembe itabaki juu yake mpaka uangalie sahani yako. Na nyie mkitoka darasani mnapitia kahawa na keki ya 15,000, msidhani siwaoni.

Kitu kingine ambacho hawakukwambia siku ya bure, shirika la afya duniani WHO linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 za kuimarisha misuli. Madarasa yako mawili ya wiki, ya dakika 50 kila moja, ni dakika 100, na hapo tumehesabu hata zile dakika za kujinyoosha. Maana yake hata ukilipa 240,000 yote bado unadaiwa dakika 50 za kutembea kwa miguu barabara ya Njiro, bure. Ongeza zile soksi za vidoti vya mpira wanazolazimisha, ongeza bajaji ya kurudi usiku.

Pale ninapokubali hela itoke ni mgongo. Umezaa, mgongo unauma, inawezekana hata misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito haijarudi vizuri, hapo jicho la mwalimu lina thamani kuliko kuiga video sebuleni. Ila muone kwanza daktari au mtu wa fiziotherapia, hasa kama maumivu yanashuka mguuni au unasikia ganzi, halafu nenda studio umuulize mwalimu mbele ya wenzio, mimi nimejifungua na mgongo unauma, utanibadilishia zoezi lipi? Akikujibu kwa vitendo huyo ni mwalimu, akisema usijali dada utazoea, chukua mkoba wako.

Pia sitaki kujifanya kutembea ni rahisi. Saa 11 alfajiri mwanamke peke yako, giza, mbwa, masika matope, mwezi wa 6 na wa 7 baridi inakata masikio, hizo sababu za kulipia sehemu yenye paa na taa nazielewa kabisa na Baba Junior azielewe pia.

Kwahiyo mi ningefanya hivi. Pakeji usichukue, lipa mlangoni 35,000 mara 2 kwa mwezi, hiyo ni 70,000, na ukiwa pale jifunze mazoezi matano sita ya chini umuombe mwalimu akurekebishe mpaka yakae, ukayafanye nyumbani kwenye mkeka Junior akikupanda mgongoni. Halafu wale wenzako watatu mkubaliane siku 3 za wiki mkitoka kazini mnatembea kwa kasi nusu saa kabla ya kupanda gari, raba zikae ofisini, na asiyetokea ananunua chai ya wote kesho yake. Hapo umeshapata wa kukusubiri. Ukifanya hivyo miezi miwili bila kuruka ukaona bado unazitaka springi, na hela haitoki kwenye ada wala kikoba, chukua pakeji na mtu asikusumbue. Ukishindwa hata hiyo, umeokoa laki tatu na arobaini kwa hiyo miezi miwili, na hilo Baba Junior usimwambie maana atazipangia matumizi.

Anti habari za kazi. Mimi ni kijana wa Majengo Moshi, nataka kukimbia nusu ya Kili Marathoni kwa mara ya kwanza, kuna kocha anauza programu ya wiki 8 kwa 200,000. Kwa sasa nakimbia na washkaji wanne asubuhi kuelekea Rau, tunaweza km 7. Nilipe?
Chalii wa Majengo

Habari ni njema mwanangu. Usilipe. Wewe tayari una watu wanne wanaokugongea dirisha asubuhi, Mama Junior hapo juu ndio anatafuta hicho kwa laki mbili na arobaini. Unachokosa ni umbali, nusu ni km 21, kwahiyo siku moja ya wiki iwe ya mbio ndefu ya polepole, mwendo ambao mnaweza kupiga stori, muongeze km moja moja, na kila baada ya wiki tatu mshushe kidogo miguu ipumue. Anzeni mapema, mbio zenyewe ni mwishoni mwa mwezi wa 2 au mwanzoni mwa wa 3 na kama mko km 7 wiki 8 ni za kubana sana, bora miezi mitatu na zaidi. Na msiishie kuelekea Rau tu maana ile njia ya nusu ina kilima cha kutosha, pandeni kuelekea Mweka mara moja kwa wiki mkazoeshe mapaja. Hiyo hela chukua kiasi ukatafute raba kwenye soko la mitumba la Memorial, ikunje kwa mkono, ikikunjika katikati kama chapati au soli ya kisigino imelika upande mmoja irudishe hata kama rangi imekukosha. Vaa hiyo hiyo kwenye mazoezi, siku ya mbio usije na mpya.