Kwa unayeanza kazi ya mazingira saiti: simama getini

Ukiajiriwa kuwa ofisa mazingira kwenye mradi wa ujenzi Dar es Salaam, siku ya kwanza utakabidhiwa faili nene: cheti cha TAM (Tathmini ya Athari kwa Mazingira), mpango wa usimamizi wa mazingira, na kurasa kadhaa za masharti. Lisome lote. Ukimaliza, toka nje. Vitu viwili vinavyowatia watu matatani kwenye kazi hii ni maji na udongo, na vyote hupita getini. Maji hujitoa yenyewe mvua ikinyesha. Udongo hutoka juu ya tipa, mara nyingi usiku.

Tuanze na udongo, maana ndio unaodharauliwa. Viwanja vingi vinavyojengwa upya Gerezani, Keko na Ilala vilikuwa gereji, karakana au vituo vya mafuta. Hati ya kiwanja haitakuambia hilo. Atakuambia mzee anayeuza kahawa ng'ambo ya barabara: tenki lilifukiwa kona ipi, oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi, nyumba gani kisima chake kiliachwa kwa sababu maji yalinuka. Kaa naye, kunywa vikombe viwili, chora ramani. Na muulize kituo kilifungwa lini. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa sokoni Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Kituo kilichouza mafuta kabla ya hapo kinaweza kuwa kimeacha risasi ardhini, na risasi haiozi.

Usinuse udongo kwa kuuinua puani, hata foromani akikuonyesha kwamba yeye hufanya hivyo miaka yote. Chukua sampuli, upeleke maabara. Kwa petroli tumia chupa ya kioo, jaza mpaka juu pasibaki hewa, funga, weka kwenye boksi lenye barafu. Usichanganye udongo wa mashimo matano kwenye beseni ili upate sampuli moja ya bei nafuu: ukikoroga tu, sehemu kubwa ya kile unachokitafuta imeshapaa, na maabara itakuletea majibu mazuri ya uongo. Kuchanganya kunaweza kufaa ukitafuta risasi. Kwa petroli hakufai. Majibu utayalinganisha na kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Sasa tipa. Dar es Salaam kifusi ni mali. Watu wenye viwanja bondeni wanakinunua ili wainue sakafu kabla ya masika, na dereva anajua nani anakihitaji wiki hii. Atakuambia bila kificho, "Bosi, wa nini kwenda mbali, kuna mama hapo chini ananisubiri." Hana nia mbaya, kwake huo ni udongo tu. Ila udongo uliochimbwa chini ya tenki la zamani ukishasambazwa uwanjani kwa huyo mama, watoto wake watauchezea na mvua itaushusha kwenye kisima chake. Kwa hiyo udongo uliothibitika kuwa mchafu, au ambao bado unasubiri majibu, hautoki. Unalazwa kando ya saiti juu ya turubai zito, unazungushiwa tuta, unafunikwa turubai jingine na kubanwa kwa viroba vya mchanga. Siku ya kuutoa, uchukuliwe na mtu mwenye kibali cha kusafirisha taka hatarishi kwa kanuni za 2021, kwenda mahali panaporuhusiwa kuzipokea. Dampo la Pugu Kinyamwezi halikujengwa kwa kazi hiyo. Andika namba ya gari, saa ya kutoka, na usaini risiti ya mapokezi inaporudi. Isiporudi kesho yake, piga simu.

Upande wa maji, swali la kwanza ni moja: mtaro ulio mbele ya geti ni wa nani, na unaishia wapi? Kwa barabara kuu utaongea na TANROADS, kwa barabara za mitaa TARURA, na bomba la majitaka ni la DAWASA. Usichanganye. Maji ya mvua hayaingizwi kwenye bomba la majitaka, na kinyume chake ndio mbaya zaidi. (Tunawajua majirani wanaotapisha vyoo mvua ikianza. Mkaguzi akikuta kinyesi mtaroni ataanza na wewe mwenye bango kubwa, kwa hiyo piga picha za mtaro kabla hujaanza kazi.) Fuata mtaro kwa miguu mpaka mwisho. Ukiwa Ilala huenda ukafika Mto Msimbazi, ambao humwaga baharini karibu na daraja la Selander. Ukiwa Keko, mkono wa bahari wa Gerezani. Sheria ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo hizo, na lundo lako la udongo linaweza kuhesabika humo.

Ukichimba msingi Kariakoo au Upanga utakutana na maji mapema, na mkandarasi atataka kuyapampu moja kwa moja barabarani. Mkatalie. Yapite kwanza kwenye tenki la kutulizia tope, na kama kuna dalili ya mafuta, kwenye chemba tatu za kutenganisha mafuta na maji. Siri ya chemba hizo ni kiwiko cha bomba kinachotazama chini: maji hutoka kutoka chini, mafuta hubaki yanaelea nyuma yake mpaka uyachote. Usimwage sabuni ili utando upotee. Sabuni huyavunja mafuta yakachanganyika na maji, kisha yanapita chemba zote tatu kama hazipo.

Si kila utando wa rangi rangi ni mafuta, lakini. Kwenye maeneo ya majimaji bakteria wa chuma hutengeneza utando unaofanana sana. Upasue kwa kijiti: ukivunjika vipande vikabaki vimeachana, huenda ni bakteria, ukijiunga tena nyuma ya kijiti, shuku mafuta na upeleke sampuli.

Maji ya kuoshea mashine ya zege nayo yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayoweza kuzidi 12, wakati kiwango kinachoruhusiwa kutolewa ni kati ya 6.5 na 8.5. Yachimbieni shimo lililotandikwa plastiki, mbali na mtaro.

Haya yote yana gharama, na hapo ndipo vijana wengi hukwama, maana mwenye mradi atasema hayakuwemo kwenye bei. Fungua BOQ, yaani orodha ya kazi za mradi na bei zake, wiki yako ya kwanza. Kama haina kifungu cha kupima udongo, turubai, tenki la tope na usafirishaji wa taka hatarishi, andika barua kwa meneja wa mradi, ambatisha ramani uliyochora kwa mzee wa kahawa na picha za mtaro, nakala kwa mshauri. Ipelekwe Februari, masika hayajaanza.