Re: Nyumba ya mzee Langoni, miezi minne napata laiki tu

Ndugu yangu, umesema unauza nyumba ya mzee hapo Langoni, Lamu, umeiposti Facebook miezi minne na watu wanauliza bei tu wanapotea. Kwanza andika bei! Mtu asipoiona anapita zake, anahofia utampangia kulingana na sura yake.

Na zile picha umepiga saa saba jua kali, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata hazionekani na ndio uzuri wenyewe wa nyumba ya Lamu. Amka asubuhi, anza video pale kwa daka, kile kibaraza cha mlangoni, ingia pole pole mpaka kiwandani, ule ua wa ndani, onyesha boriti, panda juu bahari ionekane, na usiongee sana wacha mtu asikie punda wakipita kichochoroni, yule alieko Nairobi ama Milano anataka ajihisi yuko ndani. Iweke TikTok na Instagram halafu wakikutafuta uwe na katalogi WhatsApp Business.

Sema ukweli wote mapema, gari haifiki mlangoni, kutoka jeti ya boti ni dakika ngapi kwa miguu, mji wa kale uko urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 kwa hivyo mnunuzi habomoi ovyo. Asiye raia mwambie katiba ya 2010 inampa lisi, yaani kukodi ardhi, isiyozidi miaka 99.

Lakini nakuomba sana, picha ya hatimiliki usiiposti!! Shangazi yangu matapeli waliichukua yake wakaanza kuitisha watu dipoziti. Mnunuzi wa kweli atafanya sachi, yaani kukagua mmiliki ni nani, ofisi ya ardhi.