Maswali yenu kuhusu vikao vya madiwani wa mji mdogo Marekani baada ya vita

Wiki iliyopita niliandika kwamba Jumamosi zangu nyingi nazimalizia maktaba ya huu mji mdogo ninaokaa, hapa Iowa katikati ya Marekani, nasoma madaftari ya mihtasari ya vikao vya madiwani toka 1945 mpaka 1960 hivi, yaani kile kipindi vita vya pili vya dunia vimeisha, vijana wamerudi, wameoa, na kila mtu anataka nyumba, gari na maji ya bomba kwa wakati mmoja. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea na nimefurahi kweli. Haya nimeyachagua.

"Kikao chenyewe kilikuwaje? Walikuwa wanaongea nini usiku kucha?" (Morogoro)

Kilikuwa jioni, mara mbili kwa mwezi, watu wakishatoka kazini, maana diwani ni mtu mwenye shughuli zake, huyu ana duka la vifaa vya ujenzi, yule fundi magari. Hapa kwetu walikuwa watano na meya wao, chumba cha juu, na chini yao limepaki gari la zimamoto. Karani anaita majina, akidi ikitimia unasomwa muhtasari uliopita, alafu zinakuja bili, na jamani bili ndo zenyewe, mi naweza kukaa na bili za mwezi mmoja asubuhi nzima. Makaa ya mawe ya kupasha ofisi joto, balbu za taa za mtaani, mpira mpya wa zimamoto, mzee kalipwa kwa kuchimba kaburi kwenye makaburi ya mji. Kila bili ina mtoa hoja, ina aliyeunga mkono, ina kura. Ukizisoma mfululizo unaujua mji vizuri kuliko aliyekuonyesha picha zake.

Sheria ndogo sasa ilikuwa na utaratibu wake, hapa Iowa ilitakiwa isomwe kwenye vikao vitatu tofauti ndo ipite, labda robo tatu ya madiwani wakubali kuruka huo utaratibu. Mi nikikuta wameruka huwa nasimama hapohapo nasoma tena, kwa sababu ama kuna dharura kweli, au kuna kitu hawakutaka watu wakae nacho mwezi mzima wakakifikiria.

"Mita za paking nani alizileta, na wenye maduka walikubalije?" (Mombasa)

Mita ya paking ni kile kimashine cha pembeni ya barabara unachotumbukiza senti ili upaki gari, na ya kwanza ilifungwa Oklahoma City Julai 1935, na aliyeisukuma hiyo kitu ni mtu wa magazeti anaitwa Carl Magee, sababu ni kwamba wafanyakazi wa mjini walikuwa wanaacha magari yao mbele ya maduka toka asubuhi mpaka jioni na mteja hana pa kusimama. Senti 5 kwa saa. Vita ilipoisha magari yakaongezeka vibaya mno na miji midogo nayo ikaanza kuzitaka. Wenye maduka waligawanyika, wapo waliosema mkulima akidaiwa senti atahamia mji wa jirani kununua, wapo waliosema afadhali, maana nafasi itakuwa inazunguka. Kilichowashawishi madiwani ni mkataba, kampuni inafunga mita bila kudai hela ya mwanzo, inalipwa kutoka kwenye zile senti mpaka deni liishe, baada ya hapo mita na mapato vinabaki vya mji. Kwa mji usio na hela hiyo ni ngumu kuikataa. Wakishaonja hayo mapato, kuyaacha tena ni shida.

"Nimesikia kila mji ulikuwa na saa yake, ni kweli?" (Zanzibar)

Ni kweli kabisa na hili swali nalipenda. Wakati wa vita, toka Februari 1942 mpaka Septemba 1945, nchi nzima ilisogeza saa mbele kwa lisaa limoja, yaani jioni mwanga wa jua unachelewa kuisha, kwa amri ya serikali kuu. Vita vikaisha, amri ikaisha, na kila jimbo na kila mji ukaachiwa uamue wenyewe kama kiangazi inasogeza saa, inaanza lini na inarudisha lini, hali ikabaki hivyo mpaka sheria ya 1966. Iowa peke yake kuna mwaka ilikuwa na tarehe 23 tofauti tofauti za kuanza na kumaliza! Na kuna ile safari ya basi kutoka Steubenville, Ohio, kwenda Moundsville, West Virginia, kama kilomita 56 tu, abiria akitaka saa yake iende sawa na kila mji anaopita anabadilisha mara saba.

Sisi tunaohesabu saa toka jua linapochomoza tunawaelewa wakulima wa huku bila kuelezwa sana. Ng'ombe anakamuliwa kwa jua, umande unakauka kwa jua, sasa ukimwambia mkulima saa imesogea, wakati wa kufika mjini kabla duka halijafungwa anaupata wapi? Mtu wa ofisini yeye anataka jioni ndefu acheze mpira na wanae. Madiwani wakawa katikati, na hapa kwetu kila ikifika Aprili hii hoja inarudi mezani na kura ni tatu kwa mbili, mwaka huu upande huu, mwaka ujao upande ule.

"Mji wa watu elfu chache unapata wapi hela ya kujenga mfumo wa maji taka?" (Nakuru)

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya madaftari yote. Kwanza elewa mji ulikuwa hauna mamlaka ya kujiamulia. Kulikuwa na jaji wa hapa hapa Iowa, John Forrest Dillon, mwaka 1868 aliandika hukumu kwamba mji una yale mamlaka tu uliyopewa na jimbo, zaidi ya hapo hauna kitu, na huo msimamo ukashika nchi nzima kwa jina lake. Iowa ilikuja kubadilisha katiba yake kuipa miji nafasi ya kujiamulia mwaka 1968, miaka 100 kamili baadae. Kwahiyo diwani wa 1950 anataka kufanya kitu fulani, mwanasheria wa mji kazi yake ya kwanza ni kutafuta kama kuna kifungu cha jimbo kinachoruhusu.

Sasa hela. Njia kubwa ilikuwa hati fungani, mji unakopa kwa watu na mabenki unalipa miaka mingi, ama kutoka kwenye kodi ya majengo ama kutoka kwenye bili za maji za kila nyumba. Serikali kuu ilikuwa mbali mpaka ilipokuja sheria ya 1948 ya uchafuzi wa maji, alafu marekebisho ya 1956 yakaleta ruzuku ya kujenga mitambo ya kusafisha, asilimia 30 ya gharama lakini isizidi dola 250,000. Kabla ya hapo miji mingi bomba lilikuwa linaishia mtoni, mto unabeba unampelekea wa chini, na wa chini naye anampelekea mwenzake. Ukiona kwenye muhtasari barua ya idara ya afya ya jimbo inasomwa mara ya tatu, ya nne, ujue wa chini wamechoka.

Lakini kwa lami na vijia vya miguu kulikuwa na njia nyingine, mwenye kiwanja kinachopakana na barabara anatozwa kwa urefu wa mbele ya kiwanja chake, futi kwa futi. Kwenye daftari la 1951 kuna barua imebandikwa kwa gundi iliyogeuka rangi ya chai, mwandiko wa kalamu ya wino, mama mmoja mjane anasema kiwanja chake ni cha kona kwahiyo anatozwa pande mbili, mumewe kafariki, anaomba wamwongezee muda wa kulipa. Chini yake karani kapiga taipu mstari mmoja: imepokelewa na kuwekwa kwenye faili. Nimetafuta vikao vya mwaka mzima uliofuata kuona kama walimjibu, sijakuta. Ile barua nimeisoma mara nyingi sana na kila nikiisoma naumia, kwa sababu barabara yake mi napita kila siku na ni nzuri.

"Na wachuuzi wa kutembea je, waliwafukuza kama machinga?" (Dar es Salaam)

Ndiyo, na kwa sheria kabisa. Mji mdogo wa Green River, Wyoming, ulitunga sheria ndogo mwaka 1931 kwamba kumgongea mtu mlango kumuuzia kitu bila yeye kukuita ni kosa, na miji mingi sana ikanakili karibu neno kwa neno. Sababu iliyoandikwa ilikuwa usumbufu, wafanyakazi wa zamu ya usiku wanalala mchana na muuza brashi anagonga. Sababu nyingine ni duka la mtaa mkuu ambalo halitaki ushindani wa mtu asiyelipa pango. Mwaka 1951 mahakama ya juu ya Marekani, kwenye kesi iliyotoka Alexandria, Louisiana, ikasema sheria ya aina hiyo ni halali. Mi naona walikosea, mtu mwenye begi la brashi alikuwa anatafuta mkate kama mwingine, ila usumbufu nao ulikuwepo, siwezi kusema haukuwepo.

"Floridi kwenye maji ilianza lini?" (Kampala)

Floridi ni madini yanayowekwa kwenye maji ya bomba kulinda meno. Ilianza Grand Rapids, Michigan, Januari 1945, mji wa kwanza duniani kuweka, na watoto waliozaliwa baada ya hapo meno kuoza kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Lakini 1950 wananchi wa Stevens Point, Wisconsin, walipiga kura kuikataa na toka hapo hoja hiyo iligawa vikao kila mahali.

"Kwenye hayo madaftari watu weusi wako wapi?" (Mkongomani, Des Moines)

Ndugu yangu, neno lenyewe halitokei mara nyingi, ndo shida. Inabidi usome kwa kilichoachwa. Lami ilikuwa inaanza kwa ombi, wamiliki wengi wa barabara husika wasaini, sasa ng'ambo ya reli, walikokuwa wanakaa watu weusi, nyumba nyingi ni za kupanga, anayekanyaga tope ni mpangaji na anayetakiwa kusaini ni mwenye nyumba ambaye hakai pale. Kwahiyo ramani ya lami inafika kwenye reli inasimama. Hakuna diwani aliyesema hapana, hakuna aliyeulizwa. Na sheria nzuri zilikuwepo, Iowa ilikuwa na sheria ya haki za raia toka 1884, ila mwaka 1948 hapo hapo Des Moines, mji mkuu wa Iowa, mama mweusi Edna Griffin alikataliwa kuuziwa aiskrimu kwenye duka la dawa la Katz, ikabidi watu wagome na waende kortini, na mahakama ya juu ya jimbo ikathibitisha hukumu 1949. Miaka 65 sheria iko kwenye kitabu.

"Kwetu wakati huo ilikuwaje?" (Tanga)

Kwa kifupi, Dar es Salaam ilipata manispaa 1949, Nairobi ikapewa hadhi ya jiji 1950. Na kwa Dar wale madiwani wa mwanzo waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Nitaliandikia peke yake hili, linastahili.

"Kuna ukurasa uliokugusa kuliko yote?" (Arusha)

Mbali na ile barua ya mjane, ni Agosti 1952. Mwaka huo polio ilikuwa mbaya kuliko miaka yote Marekani, wagonjwa karibu 58,000, na Sioux City upande wa magharibi wa jimbo letu ilipigwa vibaya sana. Chanjo ya Salk ilitangazwa 1955, bado miaka mitatu. Madiwani wakakutana kikao cha dharura, ajenda moja, wafunge bwawa la kuogelea la watoto. Kura tano, sifuri. Alafu hoja ya pili, waliokata tiketi za msimu mzima warudishiwe hela ya siku zilizobaki, na karani akaorodhesha kila familia na senti zake, kurasa mbili, kwa mkono maana nadhani usiku ule hakutaka kukaa kwenye taipu. Karibu na mwisho kuna familia moja ina watoto wanne kwenye orodha, na jina la mmoja limekatwa kwa mstari mwembamba, hela imeandikwa ya watatu.